Bacula inapogoma: mwongozo kamili wa kutafuta na kurekebisha makosa ya usanidi

Seva ya bekapu ikigoma, ni nadra chanzo kuwa diski iliyokufa au kebo iliyokatika. Mara nyingi ni jina lililoandikwa kwa namna mbili katika faili mbili, nenosiri lililobandikwa pasipo pake, anwani ya 127.0.0.1 iliyosahaulika tangu siku ya usakinishaji, au folda ambayo huduma haina ruhusa ya kuiandikia. Ni makosa madogo, lakini yakiachwa, ofisi hugundua siku diski ya mhasibu inapoharibika kwamba kwa miezi mitatu hakuna kilichohifadhiwa.

Mwongozo huu unahusu Bacula, programu huria ya bekapu kupitia mtandao ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000. Mifano inafuata Debian na Ubuntu, ambako faili za usanidi zimo ndani ya `/etc/bacula`. Anayetumia Bareos, iliyochipuka kutoka Bacula, atakuta mantiki ileile, ila mpangilio wa faili ni tofauti. Katika mifano yote, seva inaitwa `seva-bekapu` na anwani yake ni 192.168.1.10, kompyuta ya idara ya uhasibu iko 192.168.1.21.

Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima ya usanidi:

`sudo cp -a /etc/bacula /etc/bacula.$(date +%F)`

Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na kazi ikapita, hutajua kipi kilikuwa na kosa. Isipopita, huenda umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Nani anampigia nani

Bacula ni huduma tatu zinazozungumza kupitia mtandao. Director, anayesikiliza poti 9101, ndiye msimamizi: ana ratiba, orodha ya kompyuta na kumbukumbu za kila kazi katika hifadhidata inayoitwa Catalog. Storage daemon, poti 9103, ndiye anayeandika kwenye diski au tepu. File daemon, poti 9102, anakaa kwenye kila kompyuta inayohifadhiwa na kusoma mafaili yake. Wewe unaongea na Director kwa programu ya `bconsole`.

Kazi moja ya bekapu hupita hatua hizi:

1. `bconsole` humpigia Director, poti 9101. Kazi ikianzishwa na ratiba, hatua hii haipo kabisa.
2. Director humpigia Storage daemon, poti 9103.
3. Director humpigia File daemon wa kompyuta husika, poti 9102.
4. File daemon, kutoka kwenye ile kompyuta, humpigia Storage daemon, poti 9103, na kuanza kumimina data.

Hatua ya nne ndiyo inayowachanganya wengi. Data hazipiti kwa Director. Director anamwambia File daemon "peleka kwa Storage, anwani yake ni hii", na anwani anayoitoa ni ile uliyoandika kwenye kipengele cha `Storage` ndani ya `bacula-dir.conf`. Kama uliandika `Address = localhost`, kompyuta ya uhasibu itajitafuta yenyewe kwenye poti 9103, isikute mtu, na kazi itakufa. Jambo la kusikitisha ni kwamba bekapu ya seva yenyewe itaendelea kufanya kazi vizuri, kwa sababu kwa seva localhost ni sahihi. Ndiyo maana fundi hujaribu kwanza kwa seva, akaona "OK", akaamini usanidi ni mzima.

Kwa hiyo unapoona kosa, jiulize kwanza: limetokea kati ya nani na nani? Ukishawajua hao wawili, unabakiwa na faili mbili tu za kukagua badala ya nne.

Anza na sarufi ya faili

Kila huduma inaweza kukagua faili yake bila kuwashwa:

`sudo -u bacula bacula-dir -t -c /etc/bacula/bacula-dir.conf`
`sudo -u bacula bacula-sd -t -c /etc/bacula/bacula-sd.conf`
`sudo bacula-fd -t -c /etc/bacula/bacula-fd.conf`

Amri ikinyamaza kimya, faili haina kosa la sarufi. Angalia kwamba mbili za kwanza zinaendeshwa kama mtumiaji `bacula`, si root. Huduma hizo mbili hufanya kazi kwa jina hilo, kwa hiyo ukijaribu kama root utaficha makosa ya ruhusa yatakayokusubiri baadaye. Zaidi ya hapo, Director akiwa anatumia PostgreSQL kupitia soketi ya ndani ya mashine, hifadhidata humkubali kwa jina la mtumiaji wa mfumo. Root atakataliwa hata kama kila kitu ni sawa, nawe utatumia jioni nzima kutafuta kosa ambalo halipo.

Kukiwa na kosa, utapewa namba ya mstari. Usiiamini asilimia mia. Namba hiyo ni pale msomaji wa faili alipostuka, na mara nyingi kosa liko juu yake: mabano `}` yaliyosahaulika kufungwa au alama ya kunukuu iliyoachwa wazi. Ujumbe unaosema `Could not find config Resource` una maana moja tu: umetaja jina la kitu ambacho hakipo popote kwenye faili. Umeandika `Pool = Kila-Wiki` kwenye kazi, lakini kipengele chenyewe kinaitwa `KilaWiki`.

Mambo matatu yanayojirudia sana hapa:

Alama za kunukuu zilizopinda. Ukinakili usanidi kutoka hati ya Word au ujumbe wa WhatsApp, alama `"` zinaweza kugeuka kuwa zile zilizopinda. Kwa jicho zinafanana. Kwa Bacula ni herufi za kawaida zisizofunga kitu. Zifute na uziandike upya kwa mkono.

Alama ya `#` ndani ya nenosiri. Nje ya alama za kunukuu, `#` huanzisha maelezo, kwa hiyo nusu ya nenosiri hutupwa. Weka manenosiri yote ndani ya alama za kunukuu, bila ubaguzi.

Alama ya `\` kwenye njia za Windows. Ndani ya alama za kunukuu Bacula huila. Andika `"C:/Hesabu/2024"`, si kwa mkwaju wa kinyume.

Majina na manenosiri: jozi tatu

Kosa maarufu kuliko yote ni `Unable to authenticate with File daemon`, pamoja na ndugu zake wa `Director authorization problem`. Simu imepokelewa, ila aliyepokea hamtambui aliyepiga. Mtandao hauna shida. Usianze kuchomoa kebo.

Jozi ya kwanza: `bconsole.conf` na kipengele cha `Director` ndani ya `bacula-dir.conf`. Ya pili: kipengele cha `Storage` ndani ya `bacula-dir.conf` na kipengele cha `Director` ndani ya `bacula-sd.conf`. Ya tatu: kipengele cha `Client` ndani ya `bacula-dir.conf` na kipengele cha `Director` ndani ya `bacula-fd.conf` ya kompyuta husika. Kati ya File daemon na Storage daemon huandiki nenosiri lolote. Director huwapa ufunguo wa muda kwa kila kazi.

Jozi ya tatu ikiwa sawa inaonekana hivi. Kwenye seva:

```
Client {
  Name = uhasibu-fd
  Address = 192.168.1.21
  FDPort = 9102
  Catalog = MyCatalog
  Password = "k7Qd...uZ"
}
```

Kwenye kompyuta ya uhasibu:

```
Director {
  Name = seva-bekapu-dir
  Password = "k7Qd...uZ"
}
FileDaemon {
  Name = uhasibu-fd
  FDport = 9102
  FDAddress = 192.168.1.21
  WorkingDirectory = /var/lib/bacula
}
```

Nenosiri si kitu pekee kinacholinganishwa. `Name = seva-bekapu-dir` kwenye faili ya pili lazima iwe ileile iliyo kwenye kipengele cha `Director` juu kabisa ya `bacula-dir.conf`, herufi kwa herufi. Ukifunga kompyuta mpya, kifurushi hujaza jina la kompyuta hiyo yenyewe hapo, kwa mfano `uhasibu-dir`. Fundi hubadilisha nenosiri, jina akaliacha, kisha akabaki kushangaa mbona manenosiri yanafanana na bado anakataliwa.

Mtego mwingine umo ndani ya faili hiyohiyo. `bacula-fd.conf` inayokuja na kifurushi ina vipengele viwili vya `Director`: cha kwanza ni cha Director halisi, na cha pili, chenye jina linaloishia na `-mon` na mstari wa `Monitor = yes`, ni cha kuangalia hali tu. Ukibandika nenosiri kwenye cha pili, umefanya kazi ya bure.

Nenosiri jipya litengeneze kwa `openssl rand -base64 33`, na kila kompyuta ipewe lake. Laptopu moja ikiibiwa, unabadilisha mistari miwili badala ya kuzunguka ofisi nzima.

Simu isipopokelewa kabisa

Tofautisha makosa mawili. `Connection refused` maana yake mashine imefikiwa lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo: huduma imezimwa au inasikiliza anwani nyingine. Simu ikining'inia hadi muda kuisha, pakiti zinamezwa njiani: ukuta wa moto, au anwani ya mashine isiyokuwapo.

Kwanza, kwenye mashine inayopigiwa, ona nani anasikiliza wapi:

`sudo ss -ltnp | grep -E '910[123]'`

Ukiona `127.0.0.1:9102`, huduma inajisikiliza yenyewe tu. Vifurushi vya Debian huja hivyo kwa makusudi ya usalama: `DirAddress`, `SDAddress` na `FDAddress` zote zimewekwa 127.0.0.1. Weka anwani halisi ya mashine kwa Storage daemon na kwa kila File daemon wa mbali. `DirAddress` iache ilivyo kama `bconsole` unaiendesha kwenye seva yenyewe. Hakuna sababu ya kumfungulia Director mlango asiouhitaji. Na kama kompyuta inapata anwani kwa DHCP, ifungie anwani ya kudumu kwenye ruta, au `FDAddress` itakuja kutaja anwani ambayo mashine haina tena na huduma itagoma kuwaka.

Pili, jaribu njia kutoka upande unaopiga. Kwenye seva: `nc -vz 192.168.1.21 9102`. Kwenye kompyuta ya uhasibu: `nc -vz 192.168.1.10 9103`. Jaribio hilo la pili wengi hulisahau, nalo ndilo hatua ya nne tuliyoizungumzia.

Likishindwa, fungua poti kwa wanaohusika tu. Kwenye seva:

`sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 9103 proto tcp`

Kwenye kompyuta ya uhasibu:

`sudo ufw allow from 192.168.1.10 to any port 9102 proto tcp`

Kisha rekebisha `Address` ya kipengele cha `Storage` kwenye `bacula-dir.conf` iwe 192.168.1.10, au jina ambalo kompyuta zote za ofisi zinaweza kulitafsiri. Dalili za kosa hili zinatambulika kirahisi: kwenye `status dir` kazi inakaa na maneno `is waiting for Client uhasibu-fd to connect to Storage`, na mwishoni inakufa na `wanted 2000 OK storage, got 2902 Bad storage`. Ukiona 2902, nenda moja kwa moja kwenye mstari huo wa `Address`.

Kwa matawi yaliyounganishwa kwa VPN kuna shida nyingine. Kazi huanza vizuri, ikasonga kwa saa nzima, kisha ikakatika kwa `Connection reset by peer`. Wakati File daemon anamimina data kwa Storage, laini yake na Director imekaa kimya, na ruta fulani njiani huifunga ikidhani imeachwa. Ongeza `Heartbeat Interval = 60` kwenye Director, Storage na File daemon ili kila baada ya sekunde 60 kuwe na dalili ya uhai.

Matoleo nayo yana sharti: Director na Storage daemon wawe toleo moja, na File daemon asiwe mpya kuliko Director. Ukiboresha mfumo wa kompyuta za ofisi ukaiacha seva nyuma, umelivunja sharti hilo bila kujua.

Catalog isipofunguka

Ujumbe ni `Could not open Catalog "MyCatalog", database "bacula"`. Hakikisha PostgreSQL inafanya kazi, kisha jaribu kuingia kama Director anavyoingia: `sudo -u bacula psql bacula` ikiwa kipengele cha `Catalog` hakina anwani, au `psql -h localhost -U bacula bacula` ikiwa kina `dbaddress = "localhost"`. Usijaribu njia moja ukahukumu nyingine, kwa sababu `pg_hba.conf` ina masharti tofauti kwa kila njia.

Ukiona `Version error for database`, programu imepandishwa toleo lakini majedwali hayajapandishwa. Chukua kwanza nakala ya hifadhidata kwa `pg_dump`, ndipo uendeshe skripti ya `update_postgresql_tables` inayokuja na kifurushi. Ukiiendesha bila nakala na umeme ukakatika katikati, utakuwa na hifadhidata isiyo ya toleo la zamani wala jipya.

Diski: ruhusa, na diski ambayo haipo

Storage daemon huandika kama mtumiaji `bacula`, kwa hiyo jaribio ni moja tu:

`sudo -u bacula touch /mnt/bekapu/bacula/jaribio`

Ikikataa, usikimbilie `chmod 777`. Fuata njia nzima kwa `namei -l /mnt/bekapu/bacula` na utaona ni folda ipi kati yake inayozuia. Haitoshi folda ya mwisho kuwa ya `bacula` kama ya katikati haimruhusu kupita. Diski ya USB iliyojifungua yenyewe chini ya `/media` ni mfano kamili: mazingira ya dawati huifungua kwa ajili ya mtu aliyeingia tu. Iandike kwenye `/etc/fstab` kwa UUID yake (kitambulisho chake cha kipekee), ukiongeza `nofail` ili seva isikwame kuwaka diski ikiwa haipo.

Hapa kuna hatari inayostahili kuangaliwa kwa makini. Umeme umekatika, umerudi, seva imewaka, lakini diski ya nje imechelewa au haikuwaka kabisa. `/mnt/bekapu` bado ipo kama folda tupu kwenye diski ya mfumo. Storage daemon ataandika humo bila kulalamika hadi diski ya mfumo ijae na seva nzima ianguke. Zuia hilo kwa njia mbili pamoja. Kwanza, `Archive Device` isiwe `/mnt/bekapu` bali folda iliyo ndani ya diski yenyewe, `/mnt/bekapu/bacula`. Diski isipofunguliwa, folda hiyo haipo na kazi itashindwa kwa uwazi. Pili, endesha `sudo systemctl edit bacula-sd` na uandike:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/bekapu
```

Huduma sasa haitawaka kabla diski haijafunguliwa.

Kipengele cha `Device` kwenye `bacula-sd.conf` kiwe hivi:

```
Device {
  Name = DiskiKuu-dev
  Media Type = DiskiKuu
  Archive Device = /mnt/bekapu/bacula
  LabelMedia = yes
  Random Access = yes
  AutomaticMount = yes
  RemovableMedia = no
  AlwaysOpen = no
}
```

`Name` na `Media Type` lazima zilingane na kipengele cha `Storage` kwenye `bacula-dir.conf`: mstari wa `Device` kule unataja `DiskiKuu-dev`, na `Media Type` inafanana herufi kwa herufi. Ukiwa na diski mbili zenye folda tofauti, kila moja ipewe `Media Type` yake. Zikifanana, bekapu zitapita bila neno, lakini siku ya kurejesha Bacula ataona diski zote mbili zinafaa na anaweza kwenda kuitafuta faili kwenye ile isiyo nayo.

Voliumu: hesabu ambayo hakuna anayeipiga

Bacula huandika data ndani ya mafaili makubwa anayoyaita voliumu. Kazi ikisimama na kusema `Cannot find any appendable volumes`, basi ama hakuna voliumu yenye nafasi, ama haruhusiwi kutengeneza mpya. Kutengeneza mpya kunahitaji vitu viwili pamoja: `LabelMedia = yes` kwenye `Device`, na `Label Format` kwenye `Pool`, yaani kundi la voliumu. Kimoja kikikosekana, atabaki akikusubiri wewe uandike amri ya `label`.

Tatizo kubwa zaidi ni thamani zinazokuja na kifurushi: `Maximum Volume Bytes = 50G`, `Maximum Volumes = 100`, `Volume Retention = 365 days`. Piga hesabu. Voliumu 100 za 50G ni karibu 5T. Ukiwa na diski ya 2T, itajaa kabla voliumu yoyote haijafikisha mwaka wa kuruhusiwa kutumika tena. Usanidi huo hauna kosa la sarufi hata moja, na utakwama tu.

Chukua diski ya 2T, ambayo kwa hesabu ya Bacula ni kama 1860G. Acha asilimia 10 wazi, ubaki na takriban 1670G, yaani voliumu 33 za 50G. Tuseme Full (bekapu kamili) kila Jumapili ni 200G na siku sita zilizobaki ni 10G kila moja: wiki moja ni 260G, sawa na voliumu 6 ikiwa ya mwisho haijajaa. Ukitunza siku 28 utahitaji voliumu 24, na wiki inayoendelea inataka 6 nyingine, jumla 30. Zinaingia.

```
Pool {
  Name = KilaWiki
  Pool Type = Backup
  Label Format = "Wiki-"
  Maximum Volume Bytes = 50G
  Maximum Volumes = 33
  Volume Use Duration = 7 days
  Volume Retention = 28 days
  AutoPrune = yes
  Recycle = yes
}
```

`Volume Use Duration` ina sababu yake. Muda wa kutunza huhesabiwa kuanzia mara ya mwisho voliumu ilipoandikwa. Voliumu inayodonolewa kidogokidogo kila usiku haizeeki. Kuifunga baada ya siku 7 ndiko kunakoiwezesha kuanza kuzeeka.

Ukishabadilisha thamani hizi, voliumu za zamani hubaki na thamani za zamani, maana ziliandikwa kwenye Catalog siku zilipozaliwa. Ndani ya `bconsole` andika `update`, chagua `Pool from resource`, kisha rudia `update`, `Volume parameters`, `All Volumes from Pool`. Wengi hubadilisha faili, wakapiga `reload`, wakasubiri mwezi mzima bila kuona nafasi ikirudi, kwa sababu ya kuiruka hatua hii.

Diski ikiwa imeshajaa na unataka nafasi usiku huu, usianze na `rm`. Catalog itaendelea kuamini voliumu ipo na kazi zijazo zitakwama zikiitafuta. Tazama `list volumes`, chagua ya zamani zaidi ambayo huihitaji tena, `delete volume=Wiki-0003` ndani ya `bconsole`, ndipo ufute faili yake kwenye diski.

Saa tano usiku si 5:00

Ratiba za Bacula hutumia saa 24 zinazoanzia usiku wa manane. Saa tano usiku huandikwa `23:00`. Aliyeandika `at 5:00` akiwaza saa tano, kazi yake itaanza saa kumi na moja alfajiri, na wafanyakazi wakifika saa mbili asubuhi wataukuta mtandao mzito.

Kisha angalia seva inafuata saa ya wapi kwa `timedatectl`. Seva nyingi husakinishwa zikiwa UTC. Hapo `23:05` ya ratiba ni saa nane na dakika tano usiku kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na saa saba na dakika tano kwa Lubumbashi. Rekebisha kwa `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, au eneo lako, kisha uwashe upya `bacula-director`.

Kazi imesema OK lakini mafaili hayamo

Hili linauma kuliko kosa lolote jekundu. Sababu ya kwanza ni `onefs`, ambayo kwa kawaida ni `yes`: Bacula havuki kutoka mfumo mmoja wa faili kwenda mwingine. Ukiandika `File = /` na `/home` iko kwenye patisheni yake, `/home` haihifadhiwi. Ripoti ya kazi itakuwa na mstari unaosema `Will not descend`, nayo kazi itahesabiwa imefaulu. Taja kila patisheni kwa jina lake: `File = /` na `File = /home`.

Kabla ya usiku wa kwanza, ndani ya `bconsole` uliza Bacula atachukua nini:

`estimate job=Uhasibu listing`

Pitia orodha. Ukiona `/mnt/bekapu/bacula` ndani ya kazi ya seva, unahifadhi bekapu ndani ya bekapu. Iweke kwenye `Exclude` sasa hivi.

Sababu ya pili ni hifadhidata zinazofanya kazi. Kunakili mafaili ya MySQL au PostgreSQL huku yakiandikwa kunakupa nakala isiyofunguka. Toa dampu kwanza, yaani nakala inayotolewa na hifadhidata yenyewe:

```
RunScript {
  RunsWhen = Before
  RunsOnClient = yes
  FailJobOnError = yes
  Command = "/usr/local/sbin/dampu.sh"
}
```

Amri hiyo haipiti kwenye sheli. Ukiandika `pg_dump hesabu > /var/dampu/hesabu.sql` moja kwa moja, alama ya `>` itapelekwa kama neno la kawaida na dampu haitatoka. Weka amri ndani ya skripti, na skripti iishe na hali ya kosa pale dampu inaposhindwa. Bila hivyo `FailJobOnError` haina cha kukamata.

Kuwasha mabadiliko na kusoma zaidi

Mabadiliko ya `bacula-dir.conf` yanaingia kwa `reload` ndani ya `bconsole`. Kukiwa na kosa, Director hubaki na usanidi wa zamani na kukuambia. Storage na File daemon lazima ziwashwe upya kwa `systemctl restart bacula-sd` au `bacula-fd`. Angalia `status dir` kwanza, kwa kuwa kuwasha upya kunaua kazi inayoendelea.

Ukikwama, soma `/var/log/bacula/bacula.log`, kisha `status client=uhasibu-fd` na `status storage`. Isipotosha, washa ufuatiliaji: `setdebug level=100 trace=1 client=uhasibu-fd`, rudia kazi, na usome faili inayoishia na `.trace` ndani ya `/var/lib/bacula` ya kompyuta hiyo. Ukimaliza rudisha `level=0 trace=0`; faili hiyo hukua haraka.

Rejesha, usisubiri msiba

Chagua folda moja ya uhasibu. Ndani ya `bconsole`:

`restore client=uhasibu-fd where=/tmp/bacula-restores select current`

Tumia `cd` na `mark` kuchagua, kisha `done`. Linganisha kilichorudi na cha asili kwa `sha256sum`, na dampu ya hifadhidata ifungue kwenye mashine ya majaribio uone idadi ya safu zake. Fanya hivi baada ya kila badiliko la `FileSet` (orodha ya mafaili ya kuhifadhi), `Media Type` au toleo, na angalau mara moja kwa mwezi.

Jaribio la mwisho ni la seva yenyewe. Ikiungua, Catalog imeondoka nayo. Hakikisha kazi ya `BackupCatalog` inaendeshwa baada ya bekapu zote za usiku, na ina mstari wa `Write Bootstrap`. Faili ya `.bsr` inayoandikwa na mstari huo ni ndogo, lakini ndiyo inayosema Catalog iko kwenye voliumu ipi na sehemu ipi. Itume kwa barua pepe au inakili kwenye mashine nyingine kila usiku, pamoja na folda ya `/etc/bacula`, na ijaribu kwenye kompyuta tupu ukiwa bado na seva inayofanya kazi.